Trela ilichomoka kwenye tuta la Gede na waya wa dharura ukakatika: je, niweke waya mnene zaidi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina boti ya faiba ya futi 17 hapa Malindi, na trela ya ekseli moja yenye breki iliyotoka Uingereza. Kibao chake kinasema kilo 1,300. Naivuta kwa Hilux. Tauba, yaani chuma cha kuvutia trela nyuma ya gari, ilichomelewa na fundi wa hapa mjini; tufe lake nililinunua dukani. Juzi nikielekea Watamu, trela ilichomoka kwenye tuta karibu na Gede. Nilipoiangalia, mpini wa kikombe kinacholishika tufe ulikuwa bado umejifunga. Waya mwekundu wa dharura, ule wa kuvuta breki trela ikichomoka, nilikuwa nimeuzungusha kwenye shingo ya tufe. Ulikatika palepale karibu na kulabu, lakini breki haikushika, mkono wa breki ulikuwa umelala vilevile. Trela iliingia mtaroni, alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Fundi ananiambia niweke waya mnene zaidi au mnyororo. Ni sawa? Mwezi ujao nataka kuipeleka boti Mokowe.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Pale Gede hapakosi bodaboda, watoto wa shule na wauza matunda, na trela ya karibu tani moja ikijiendea yenyewe haina macho. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu uliyoyaeleza yanatosha kuonyesha pa kuanzia.

Kwanza swali lenyewe: hapana. Usiweke waya mnene zaidi, na usifunge mnyororo mahali pa waya. Waya wa dharura umetengenezwa ukatike. Tatizo lako ni kwamba ulikatika mapema, kabla haujauinua mkono wa breki. Ukiweka mnene bila kujua kilichouzuia mkono, utakuwa umefunika kidonda. Tena ulipatwa na hitilafu mbili kwa wakati mmoja: kikombe kiliachia tufe, kisha breki ikakataa kushika. Kila moja ina chanzo chake, na kurekebisha moja hakutibu nyingine.

Waya unavyotakiwa kufanya kazi

Trela kama yako haipokei breki kutoka kwenye gari. Chini yake ni sawa na karavani wanazokokota Wazungu: ukifunga breki ya gari, trela inalisukuma gari kwa uzito wake, na ule mhimili wa mbele ulioshika kikombe unarudi ndani ya mfuko wake. Ukirudi unasukuma wenzo, wenzo unavuta ufito mrefu uliopita chini ya trela, na ufito unavuta kipande cha kugawa nguvu kilicho karibu na ekseli. Kutoka hapo nyaya mbili za breki zinakwenda, kila moja kwenye drami ya breki ya gurudumu lake. Mkono wa breki umeungwa kwenye ufito huohuo. Yaani breki ya kuegesha na breki ya dharura ni kitu kimoja. Mkono ukiwa mgumu, au viatu vya breki vikiwa vimeliwa na kutu, umezikosa zote mbili.

Trela ikichomoka, hakuna tena cha kuusukuma mhimili. Kazi yote inabaki kwa waya. Gari linakwenda mbele, waya unanyooka, unauvuta mkono wa breki kwenda mbele mpaka upite nusu ya safari yake; kutoka hapo springi au silinda ya gesi inaumalizia. Mkono ukifika mwisho hauna pa kwenda, nguvu inapanda ghafla, na waya, au kile kipete chembamba kinachouunga na mkono, unakatika. Gari linajiendea zake, trela inabaki nyuma breki zikiwa zimeuma.

Sasa weka waya usiokatika. Mkono wa breki unageuka kuwa ndoana ya kuvutia trela nzima, kazi ambayo haukutengenezewa. Utapinda au utang'oka, na ukishang'oka hakuna kinachozuia breki zisiachie. Ukistahimili, basi una trela inayoburuta fremu yake ya mbele kwenye lami, imefungwa kwenye gari kwa kamba, na ukikanyaga breki inakuja kukugonga mgongoni au inapenya chini ya gari. Kwa sababu hiyohiyo, kile kipete chembamba usikibadilishe kwa pingu ya chuma cha pua ya kwenye boti. Najua ziko dukani na hazishiki kutu, lakini udhaifu wa kipete umewekwa makusudi. Kikishafunguka mara moja nunua kingine, usikikunje kwa koleo na kukirudisha.

Mnyororo una mahali pake. Trela isiyo na breki, ambayo Uingereza mwisho wake ni kilo 750 pamoja na mzigo, hufungwa mnyororo kwa kuwa hakuna breki ya kuvutwa. Unakuwa mfupi kiasi cha kuzuia kichwa kisiguse lami. Trela nyingi za Marekani zina minyororo miwili inayopishana chini ya kichwa, ili kichwa kikianguka kiangukie juu yake, na waya wa breki unaachwa mrefu kuliko minyororo ili ukaze tu ikiwa minyororo nayo imeshindwa. Lakini minyororo hiyo inashikwa na fremu, penye mashikio yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Trela yako haina. Fundi asianze kuchomelea mashikio kwenye fremu iliyopakwa zinki au kwenye kichwa cha chuma cha kumimina: moto unaondoa zinki, kutu inaanzia hapohapo, na chuma cha kumimina kikichomelewa ovyo hupasuka. Kaa na waya, ila uufanye ufanye kazi yake.

Kwa nini mkono haukuinuka

Tafuta kile kipande cha waya kilichobaki na kulabu. Ganda jekundu linapendeza, lakini kwetu pwani ni mtego. Maji ya chumvi huingia pale ganda linapoishia, kwenye kibano cha chuma kinachoshika kulabu, na hayapati njia ya kutoka. Nyuzi za ndani zinaliwa huku nje kukiwa kwekundu na safi. Menya ganda kwa kisu, sentimita 5 hivi kutoka kwenye kibano. Ukikuta unga wa kahawia na nyuzi zenye ncha nyeusi zilizokatika kwa urefu tofauti, waya wako ulikuwa umekufa kabla hujatoka nyumbani. Ulibaki na nyuzi chache, nazo zikakatika kwa mvuto mdogo ambao haukuweza kuinua chochote. Kwa ulivyolieleza tukio, ulipokatikia, hiki ndicho ninachokishuku kwanza.

Ukikuta nyuzi zinang'aa na zimechongoka kwenye ncha, basi waya ulikuwa mzima na ulikatwa kwa nguvu. Hapo mkono wenyewe ulikataa, au waya ulinaswa mahali.

Kwa vyovyote vile jaribu mkono. Weka vizuizi kwenye magurudumu, shika mkono wa breki, uinue. Mtu mzima anatakiwa auinue kwa mkono mmoja, ugumu ukiongezeka kadiri viatu vinavyokaza. Ukilia, ukisita, au ukihitaji kuupiga teke, pini yake imeshika kutu. Itoe pini, sugua tundu na pini mpaka chuma kionekane, paka grisi ya baharini, rudisha. Kama mkono wako ni wa silinda ya gesi, ukishapita katikati unapaswa kujikamilishia wenyewe kwa nguvu. Ukilazimika kuusindikiza hadi mwisho, silinda imekwisha na hairekebishiki, inabadilishwa. Angalia vidole vyako: silinda nzima inabana vibaya.

Kisha njia ya waya. Chini ya fremu ya mbele kuna kipete kidogo cha kuongoza, na watu wengi hawajui ni cha nini, wanakiruka. Waya lazima upite humo kwanza ndipo uende kwenye gari, ili hata trela ikichomoka kwa pembe, mkono uvutwe kwenda mbele. Usipopita humo, waya unauvuta mkono ubavuni, nao haupandi, unapinda tu. Usiuzungushe waya kwenye gurudumu la jeki lililo mbele ya trela wala kwenye mpini wake; hapo unavuta jeki badala ya breki. Urefu nao una kipimo chake: ulegee kiasi cha kukuruhusu kukata kona kali pande zote mbili bila kukaza, lakini usiguse lami. Ukiburuzwa, lami inausaga upande mmoja kwa safari chache tu. Ukiwa mfupi, kila kona inavuta breki kidogo, na utajua kwa harufu ya viatu vinavyoungua.

Kuzungusha kwenye shingo ya tufe hukubaliwa pale tu gari lisipokuwa na shikio lingine, tena mzunguko mmoja. Ni njia dhaifu. Kikombe kikirushwa juu na tuta, kitanzi nacho kinaweza kupanda na kuvuka tufe, na waya ukatoka bila kuvuta kitu. Na kama kilichoachia ni nati ya tufe lenyewe, tufe linaondoka pamoja na trela, kitanzi kikiwa bado kimelikumbatia. Mwambie fundi wako, badala ya waya mnene, akutengenezee shikio kwenye fremu ya tauba: bamba la chuma la milimita 8 hadi 10, tundu la milimita 20 hivi, kingo za tundu zisuguliwe ziwe laini zisikate waya, lifungwe kwa bolti mbili za M12 zenye alama 8.8 kichwani. Kwenye fremu, si kwenye bampa. Nunua waya wenye kulabu nzito yenye mlango wa springi, ile inayoruhusiwa kuingia moja kwa moja kwenye shikio. Kulabu nyembamba za bati hazikutengenezwa kubeba mzigo mlangoni, zikivutwa hufunguka.

Breki ndani ya drami

Hata mkono ungeinuka siku ile, sina uhakika trela ingesimama, kwa sababu trela ya boti inazamishwa baharini na breki zake zinakunywa maji ya chumvi kila mara. Usikubali kukaza ufito ulio chini na kuita hiyo marekebisho. Breki hurekebishwa kuanzia kwenye magurudumu.

Inua upande mmoja kwa jeki, weka stendi, mkono wa breki ukiwa chini kabisa na ufito umelegezwa. Zungusha gurudumu kwa mwelekeo wa kwenda mbele tu. Hili lina sababu: drami za trela hizi zina kiatu kinachojiachia trela inaporudi nyuma, ili uweze kurivasi, na ukizungusha kinyumenyume utapata kipimo cha uongo. Nyuma ya bamba la drami kuna tundu lenye kizibo. Humo mna gurudumu dogo la meno au nati ya kurekebishia. Kaza mpaka gurudumu ligome, kisha legeza kidogokidogo mpaka lizunguke bila kukwaruza. Fanya upande wa pili. Sasa vuta kwa mkono kila waya wa breki pale unapoingia kwenye kipande cha kugawa nguvu: utoke milimita 5 hadi 8. Ukitoka zaidi, drami bado imelegea. Usipotoka kabisa, waya umeshika kutu ndani ya ganda lake, na waya huo unatupwa. Kumiminia mafuta kunakupa wiki mbili za matumaini. Mwisho kabisa ndipo unaondoa ulegevu wa ufito, na kile kipande cha kugawa nguvu kinatakiwa kikae mraba na ufito mkono ukivutwa. Kikikaa upande, drami moja inafanya kazi ya mbili.

Ukifungua drami na kukuta bitana za viatu zimebanduka kwenye chuma chake, jambo la kawaida kwa trela za baharini, nunua viatu vipya. Kuzigundisha kwa gundi ni kuhatarisha watu.

Kikombe kilivyoachia tufe

Mpini ulikuwa bado umejifunga baada ya trela kuchomoka. Hiyo inapunguza maswali. Kikombe hakikufunguka: ama hakikuwahi kulimeza tufe, ama tufe ni dogo kwake.

Chukua kalipa upime tufe, na usome lililoandikwa juu yake. Kikombe cha Uingereza ni cha milimita 50. Madukani kwetu kuna matufe ya vipimo vya Marekani yanayofanana nalo kwa macho: la inchi 1⅞ ni milimita 47.6, la inchi 2 ni milimita 50.8. La inchi 1⅞ linaingia vizuri, mpini unafunga, unasikia mlio uleule wa kufunga, na trela inavutika siku nyingi kwenye lami nzuri. Halafu siku moja tuta linaurusha upande wa mbele wa trela juu, na tufe linatoka chini ya ulimi wa kikombe. La inchi 2 linaleta shida tofauti: kikombe cha milimita 50 kinaweza kukataa kukaa hadi chini, kikabaki kimejipandisha juu ya tufe huku mpini ukionekana umefunga. Yote mawili yanaishia na picha uliyoiona. Tufe la milimita 50 nalo linakwisha kwa kusagika: pima kwa mbele na nyuma, kisha kwa ubavu, kwa kuwa huliwa zaidi mbele na nyuma. Likifika 49 mahali popote, toa.

Ukiwa hapo, tazama jinsi tufe lilivyofungwa. Ya Uingereza hufungwa kwa bolti mbili za M16 zilizoachana milimita 90. Ya Marekani yana shina moja na nati moja chini, na nati hiyo ikilegea haina mwenzake wa kuisaidia. Weka washa ya springi au nati ya kujifunga, kaza kwa spana ndefu, kisha piga mstari wa rangi unaovuka nati na chuma cha tauba. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Utaliona hilo kwa kuinama tu.

Bolti zinazoshika kikombe kwenye mhimili wake hutumia nati zenye plastiki ya kuzuia kulegea, nazo ni za kutumika mara moja. Fundi akizifungua, azitupe.

Kila unapofunga trela, fanya hili kabla ya kuondoka: kikombe kikishafunga, rudisha gurudumu la jeki chini ulizungushe mpaka nyuma ya Hilux inyanyuke sentimita 3 hadi 5. Gari likinyanyuka pamoja na kichwa cha trela, tufe limeshikwa. Kikombe kikitoka, kimetoka ukiwa umesimama uani kwako. Vikombe vingi vina alama ya kijani na nyekundu, au ya kujumlisha na kutoa, inayoonyesha hali ya tufe. Itazame, lakini usiiamini bila kunyanyua. Kikombe cha kawaida kinapakwa grisi. Kile chenye vitambaa vya msuguano vya kuzuia kuyumba hakipakwi hata tone, na tufe lake linafutwa kabisa.

Uzito wa mbele

Hapa ndipo ninapoona tuta lilipopata nguvu ya kukushinda. Mbele ya trela inatakiwa ilikandamize tufe. Kwa trela ya boti, asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote ni sawa. Ikiwa boti, injini, mafuta na trela yenyewe vinafika kilo 1,000, tafuta kilo 50 hadi 100 kwenye kikombe, na usivuke namba ya herufi S iliyopigwa kwenye kibao cha kikombe wala kikomo cha tauba. Pima kwa mizani ya bafuni: weka kipande cha mbao kilichosimama juu ya mizani, kikombe kikae juu yake kwa urefu uleule kinaokaa kwenye gari.

Boti za hapa hulemea nyuma. Injini inaning'inia kwenye kisogo cha boti, tangi la petroli liko nyuma, na maji ya mvua yanajikusanya hukohuko. Lita 100 za maji ni kilo 100, na zikiwa nyuma ya ekseli zinaunyanyua upande wa mbele. Fungua kizibo cha chini maji yatoke kabla ya kuvuta, kila safari. Kama bado mbele ni nyepesi, sogeza nguzo ya winchi mbele, kisha boti nayo isogee. Kikombe kinachovutwa juu badala ya kukandamizwa, juu ya tufe lisilo saizi yake, kinahitaji tuta moja tu. Na hata tufe likiwa sahihi, trela nyepesi mbele inaanza kwenda mrama ikifika kilomita 80 kwa saa. Ikikuyumbia, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe. Breki ya ghafla inaongeza myumbo.

Hilux iliyoinuliwa inaharibu hesabu hii. Vikombe hivi vimepangiwa tufe lenye kati yake milimita 350 hadi 420 kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo. Tufe likiwa juu zaidi, trela inainua pua, mzigo unarudi nyuma. Mwambie aliyechomelea tauba aishushe. Trela ikae sawa, au iinamie mbele kidogo.

Jaribio la waya

Ukimaliza yote, lijaribu kwenye uwanja tambarare, trela ikiwa imeachana na gari na gurudumu la jeki liko chini. Usilijaribu kwa kuendesha gari. Weka vizuizi hatua moja mbele na nyuma ya magurudumu. Shika waya mahali ambapo kulabu ingekuwa kwenye gari, uvute kwenda mbele kwa nguvu moja ya haraka. Mkono wa breki uinuke hadi mwisho. Sasa watu wawili waisukume trela mbele: isisogee. Kisha waisukume nyuma: itarudi kidogo, kwa kuwa kile kiatu cha rivasi kimejiachia, halafu mkono utajipandisha zaidi na breki zishike tena. Ikirudi bila kushika, silinda au springi ya mkono haina nguvu, na trela hiyo ikichomoka kwenye mlima itashuka kinyumenyume. Baada ya jaribio kagua kipete. Kikiwa kimefunguka hata kidogo, badilisha.

Kwa Malindi, ningebadilisha waya wa dharura kila mwaka bila kuuliza, ni kifaa cha bei nafuu kuliko taa moja. Ukitoka baharini osha kwa maji baridi ya bomba drami, mkono, kikombe na waya wote. Kabla ya kuzamisha trela, ngoja nusu saa: kitovu cha gurudumu kilicho moto kikiingia baharini kinapoa ghafla, hewa ya ndani inajikunja, na maji ya chumvi yanavutwa hadi kwenye beringi. Kipindi cha kusi boti ikilala, egesha trela mkono ukiwa chini na magurudumu yamezuiwa kwa magogo. Breki iliyoachwa imevutwa miezi mitatu inagandana na drami. Waya uning'inie, usilale mchangani.

Kuhusu Mokowe: usiondoke mpaka tufe, shikio na breki viwe tayari. Boti tupu, ni rahisi zaidi. Petroli ununue hukohuko. Tazama namba nne za tarehe kwenye tairi za trela, kwa mfano 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi ya umri huo usiipeleke safari ya zaidi ya kilomita 200 kwenye jua hata kama meno yapo. Simama mara ya kwanza Mambrui, ukishavuka daraja la Sabaki, kaza nati za magurudumu na uguse vitovu kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Kimoja kikiwa moto kuliko mwenzake, breki yake inaburuza au beringi inakwisha. Rudia Garsen na Witu. Mwendo wa kilomita 70 kwa saa unatosha. Kwenye matuta funga breki mapema, kisha uiachie kabla magurudumu ya trela hayajapanda, ili kichwa kisikandamizwe na kurushwa kwa pamoja. Beba tairi ya akiba ya trela, beringi za upande mmoja pamoja na grisi, kipete, na waya mmoja mpya wa dharura ukiwa bado kwenye pakiti yake.